Ukurasa Ambao Bibi Anakimbia

Maskati,
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Dada Vero,

Shikamoo. Mguu umepona, au bado unaufunga kitambaa na kuingia shambani kama vile si wako? Mimi ni mzima. Joto la huku limeanza kupungua. Mama mwenye nyumba amejifungua salama, mtoto wa kike, kwa hiyo kazi imeongezeka lakini nyumba ina furaha. Barua hii inaletwa na mwenzangu ambaye mkataba wake umeisha na anarudi Morogoro. Ningeweza kupiga simu, ila wewe ukipokea unaweka sauti ya juu, uwanja mzima unasikia, na haya ni ya kwako kwanza. Ndani ya khanga kuna kitabu. Usikifungue sasa hivi. Maliza kusoma.

Wiki tatu zilizopita Levina alinipigia kutoka Mikumi, yule ambaye shemeji Gaudensi alimuoa baada ya mkewe, mdogo wetu Felista, kufariki. Hatujawahi kuongea naye zaidi ya salamu. Nilipoona jina lake nilitaka kuiacha simu iite mpaka ichoke, halafu nikapokea.

"Dada Skola, samahani kwa usumbufu," alisema. "Nina mimba ya miezi saba. Sasa huyu Pendo wa marehemu Felista ananifichia vitu vyangu vya kujifungulia. Khanga zote nimezikuta kwenye banda la kuku. Beseni sijaliona mpaka leo."

Nikacheka. "Huo wivu tu, mama. Kila mtoto anaona anakuja kunyang'anywa nafasi."

"Si wivu, dada. Nilimuuliza taratibu. Hataki niende hospitali. Halafu akaniambia, kama ni lazima niende, nikimkuta mama yake huko nimwambie arudi tu, hata kama hajapata mtoto."

Dada, nilikaa chini pale pale jikoni, na sufuria ya watu ikaungua.

Unajua alikoyatoa maneno hayo. Siku tunamzika Felista hapo nyumbani Kidodi, Pendo ana miaka mitatu, bibi yake, Mama Gaudensi, alibaki naye Mikumi, akampa pakiti ya biskuti, akamwambia mama ameenda hospitali kununua mtoto. Sisi wote tuliambiwa hivyo utotoni na hatukudhurika, kwa sababu mama yetu alirudi. Huyu anasubiri mwaka wa pili sasa. Akiuliza mbona mama anakawia, Mama Gaudensi anamjibu, "Foleni ni ndefu." Levina amelisikia jibu hilo kwa masikio yake.

Foleni ni ndefu! Mwanamke aliyefundisha watu wazima kusoma, ambaye pale Mikumi watu wanamletea barua zao za serikali awasomee na kuwaeleza, jibu alilopata la kumpa mtoto ni hilo.

Najua utaniambia tena nimwachie Mungu. Nimemwachia mengi, Dada. Hili nimelibakiza la kwangu. Uchungu ulimwanza Felista asubuhi, bodaboda ziko barabarani, hatua thelathini kutoka mlangoni. Akasema, "Mama, twende." Mama Gaudensi akamwambia mke wa mtu haondoki nyumbani bila mumewe kujua, na mumewe yuko Ruaha na lori la miwa, simu haipatikani, atarudi jioni. "Tusubiri," alisema. Jirani aliyekuwepo ndiye aliyetusimulia. Alisema Mama Gaudensi aliketi kwenye kigoda mlangoni, akimenya karanga zake za kuwauzia watu wa malori, na kila Felista alipoita alijibu, "Tulia, mwanangu, wewe si wa kwanza." Mpaka jua lilipopinduka na damu ikawa imefika sakafuni ndipo akasimama. Walipofika hospitali hapakuwa na wa kuokolewa, si mama, si mtoto. Mjomba alipodai mdogo wetu aje alale kwetu, hakubisha. Na kaburini hakuja. Mguu ulikuwa unamuuma, ati.

Wewe hukukiona kile kitabu cha kwanza. Mimi na Felista tulikishona kumwandaa Pendo kwa mtoto anayekuja, tumbo la Felista likiwa la miezi sita, migongo ya kalenda za zamani, uzi wa kiroba, penseli za rangi za shuleni. Aliichora miguu yake imevimba kama mihogo kwa sababu ndala zilikuwa haziingii tena. Akicheka alikuwa anafunika mdomo kwa kiwiko, unakumbuka? Si kwa kiganja, kwa kiwiko. Pendo alipofika kwenye ukurasa wa tumbo alikuwa analibusu mpaka karatasi ikalowa. Mama Gaudensi alituona akasema, "Mtoto haambiwi mimba. Mnamfungua macho." Baada ya matanga nilikwenda kuchukua kitabu kile, nikakuta jalada limebaki nusu kwenye majivu ya jiko lake. Nilipomtazama akasema vitu vya marehemu vinamsumbua mtoto. Nilimwamkia, nikaaga, nikaondoka. Naijutia mpaka leo ile shikamoo.

Basi, huku kuna vitabu vya namna hiyo vya kununua, vizuri, kurasa ngumu. Binti wa hapa, Maryamu, ana miaka minne, na Kiswahili anakijua kwa sababu bibi yake alizaliwa Unguja. Mama yake alipokaribia kujifungua nilikuwa namsomea kila alasiri. Siku moja nilichoka nikafunua kurasa mbili kwa pamoja. Akaniwekea mkono juu ya kitabu. "Umeruka," alisema. "Rudi." Nikarudi. Kesho yake nikabadilisha neno moja tu, akanisahihisha. Hapo ndipo wazo liliponijia, Dada, na sitakuficha, lilinijia na utamu wake. Mtoto haruki ukurasa. Mtoto akikipenda kitabu, atakayemsomea atayasema maneno yale yale kila siku, apende asipende.

Nikaanza kumshonea Pendo kitabu kingine. Ukurasa wa kati nilimchora Mama Gaudensi ameketi kwenye kigoda, amejaa mlango mzima, na Felista nyuma yake ndani. Nikaandika: "Bibi akasema tusubiri. Tukasubiri. Mama akafa." Niliuandika kwa mkono mzuri kabisa. Akilini nilimwona Mama Gaudensi akiusoma mbele ya majirani zake kwa ile sauti yake ya darasani, na Pendo anamwambia, "Rudia, Bibi."

Nikaujaribu kwa Maryamu. Alisikiliza, akaniuliza, "Bibi huyo ni mbaya?" Nikafunga kitabu. Kesho yake bibi yake alimwita amsuke nywele, mtoto akajificha nyuma yangu. Bibi wa watu amekaa na kitana mkononi, hajui kosa lake. "Huyu leo amepatwa na nini?" aliniuliza. Nikasema labda usingizi.

Nikafikiri: Levina akienda kujifungua, nani atamwogesha Pendo? Ni yule yule. Nani atalala naye? Ni yule yule. Ningemlipizia Felista kwa kumnyang'anya mtoto wake mtu pekee aliyebaki ndani ya nyumba. Nikauchana ukurasa ule. Usije ukafurahi ukadhani nimesamehe. Nimeuchana kwa ajili ya Pendo tu, na nimeweka kurasa tatu mahali pake.

Wa kwanza unasema: "Mama Felista alikwenda hospitali zamani. Aliumwa sana. Alikufa. Aliyekufa harudi, hata tukimpenda. Pendo hakufanya kosa lolote." Hapo nimemchora akicheka, na kiwiko chake mdomoni. Mtoto hataelewa kwa siku moja. Lakini atakoma kusubiri foleni, na atakayemwambia ni yule aliyemdanganya, kwa kinywa chake.

Wa pili una Levina na beseni na khanga zake. "Mama Levina naye ana mtoto tumboni. Uchungu ukianza, hatumsubiri mtu yeyote. Bibi anakimbia kuita bodaboda." Na hapo, Dada, nimemchora Mama Gaudensi anakimbia. Khanga imemvuka begani, ndala moja imebaki nyuma, karanga zimemwagika njia nzima, kuku wanazifuata. Pendo atacheka sana, ndivyo nilivyotaka. Aliketi siku ile moja. Mimi nitamkimbiza kila jioni. Levina nimemsomea ukurasa huo kwenye simu. Akasema, "Dada, jana mama mkwe aliniambia tutamsubiri Gaudensi." Hukujua hilo. Nami sikujua mpaka aliposema, na mikono iliniwasha. Nimemwambia namba ya mwenye bodaboda aiweke kwenye simu yake mwenyewe, na Pendo afundishwe kumwita kwa jina. Mtoto akikariri kwamba hatumsubiri mtu yeyote, atasema hivyo siku hiyo kwa sauti, na hakuna bibi atakayemwambia anadanganya, kwa kuwa yeye ndiye aliyemsomea.

Wa tatu ni kaburi letu pale nyuma ya migomba, na msalaba wa saruji. Bibi na Pendo wameshikana mikono. "Kabla mtoto hajazaliwa, Bibi alimpeleka Pendo Kidodi kumwona Mama." Umeelewa? Mtoto ataanza kudai. Leo, kesho, keshokutwa: Bibi, lini? Mama Gaudensi atapandishwa gari na mjukuu wake, mguu uume usiume, aje asimame pale alipokimbia kusimama.

Akija, mpokee. Mpe maji, mpe kiti. Usimtukane, na Mjomba naye mwambie anyamaze, namjua. Ila chozi akitoa usimwambie basi inatosha. Mwache alie mpaka amalize mwenyewe. Wakati huo mchukue Pendo kwa upande, umwonyeshe panapomwagiliwa maua, umwambie mama yake alikuwa anapenda ndizi za kuchoma zilizoungua kidogo. Mambo kama hayo. Mimi ninayo mengi, nitakuandikia.

Sasa fungua khanga. Kitabu kipeleke mwenyewe Mikumi, wiki hii, maana miezi haimsubiri Levina. Usimkabidhi Gaudensi, atakiweka juu ya kabati. Nenda jioni, watu wakiwa wamejaa pale kwenye karanga, umwambie Mama Gaudensi mbele yao kwamba mama mdogo wa Pendo yuko mbali, na kitabu cha mtoto kinahitaji mtu anayejua kusoma vizuri. Atakipokea kwa mikono miwili. Atafungua hapo hapo kuwaonyesha watu.

Nisalimie Mjomba Kondradi, mwambie dawa zake za presha azimeze, asizipange tu dirishani. Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na binti yako mkubwa, mwambie nimefurahi amefaulu. Mama yetu wa ubatizo pale Kidodi mwambie naikumbuka mboga yake ya matembele. Levina mpe pole na umkumbatie kwa niaba yangu. Pendo mbusu kwenye paji la uso, mara mbili, moja si yangu.

Mama Gaudensi usimpe salamu zangu. Mpe kitabu.

Mdogo wako,
Skola