Mikono Miwili Haikutosha, Dada Sekela

Dada Sekela,

Shikamoo. Nianze na habari yenyewe kabla sijalia nikaharibu karatasi: hapa Iringa nilikaribia kumkosea binti wa watu kama nilivyokukosea wewe. Ndiyo, nilikukosea. Mwaka wa pili huu watu wananipa pole, na nyumbani hakuna anayejua kwamba ile chumvi ulishauriwa na mimi.

Unakumbuka siku ile dukani kwako Mwanjelwa? Nilikuja likizo na kipimo changu cha presha mkobani, najiona daktari bingwa kumbe ni nesi tu. Ukaniambia mkono wa kushoto unachoka ukishika kitambaa, na ukiinuka haraka unaona giza. Nikakucheka, nikasema uvivu huo, cherehani imekushinda. Baridi ya Mbeya unaijua: umevaa sweta mbili na kitenge juu. Nikapandisha mkono mmoja tu, wa kushoto, kama tunavyofanya kliniki zote, maana wa kulia mgonjwa kashika daftari lake. Mashine ikagoma, nikaipiga kofi. Mara ya pili ikasoma chini kabisa. Nikasema kwa sauti kubwa, mafundi wenzako wasikie: presha ya kushuka hiyo, ongeza chumvi. Ukacheka, ukanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, daktari wangu." Tangu siku hiyo hata parachichi ukawa unalila na chumvi.

Kumbe mkono ule haukuwa na mapigo! Mshipa ulikuwa umevimba kwa ndani ukaziba, damu ikawa inapita kwa taabu. Presha yako ya kweli ilikuwa mkono wa kulia, na ilikuwa juu mno. Tulikuja kuijua hospitali, ulipokuwa umeshapigwa kiharusi na huongei tena. Daktari, mama mmoja mpole sana, alikupima mikono yote miwili, kisha akaniangalia. Mungu wangu, sitasahau yale macho, na wala hakuwa anajua lolote.

Ndiye aliyenieleza. Ugonjwa wenyewe ni adimu, unavimbisha kuta za mishipa mikubwa ya damu, na unapenda wanawake vijana. Akaniambia hauji kwa sura moja kila mahali. Japani, ambako ulielezwa kwanza, wengi hupotewa na mapigo mikononi na kuona kizunguzungu. Kwingine, kama India na huku kwetu Afrika, mara nyingi hukaa tumboni, ukabana mshipa wa figo, na presha ikampanda mtu ambaye bado kijana. Nikawaza, haya, Dada yangu, Mnyakyusa wa Tukuyu, hata kuugua umeugua kama Wajapani. Ulikuwa hupendi kufanana na watu.

Basi, baada ya mazishi nikawa mkali. Kliniki yetu nzima walinijua: hapimwi mtu mkono mmoja mbele yangu. Vua sweta, weka daftari mezani, leta mikono yote. Wenzangu waliguna, nikawaambia wagune huku wanapima. Nilijiamini, Dada. Nilijua mlango wa ule ugonjwa nimeufunga.

Ndipo akaja Mwanaidi, miaka kumi na tisa, mtoto wa mama anayeuza khanga sokoni hapa Iringa. Kichwa kinamuuma, amekonda. Walishampima TB, makohozi yakawa safi. Shangazi yake akasema ni mawazo ya mtihani. Nikampima mkono wa kushoto: juu. Wa kulia: juu vilevile, sawasawa. Nikashusha pumzi. Nikajisemea, afadhali, siyo ile. Nikaanza kumwandikia tarehe ya kurudi.

Kalamu ikasimama. Sawasawa, ndiyo, lakini kwa nini iko juu hivyo kwa mtoto wa miaka kumi na tisa? Mimi nilikuwa nakutafuta wewe mwilini mwake, Dada. Nilikuwa nautafuta ugonjwa kwa sura yako tu.

Nikamwomba avue soksi. Alikuwa na jozi mbili, na baibui mpaka chini. Mama yake, aliyekuwa amemleta, akaniangalia kwa mshangao, maana nani anapima presha miguuni? Nikafunga mlango, nikapiga magoti, nikaweka vidole juu ya mguu. Hamna mapigo. Mguu wa pili, hafifu sana. Nikamfunga mkanda mkubwa pajani: presha ikawa chini kuliko ya mikono, wakati kwa mtu mwenye afya haiwi hivyo. Nikaandika barua ya rufaa kwa herufi kubwa, nikampigia yule daktari wa Mbeya, nikasema mama, ugonjwa wa huyu uko tumboni.

Ilikuwa kweli. Mshipa wa figo ulikuwa umebanwa. Ameanza dawa, presha imeshuka, na jana walikuja kunisalimia. Amenenepa mashavu! Mama yake akaniuliza nani alinifundisha kushika miguu ya watu. Nikamwambia yote, kwa mara ya kwanza: wewe, mkono mmoja, chumvi. Nililia mbele ya mgonjwa, mimi niliye mkali. Mama yule akaniuliza kwa upole, "Na mama yenu anajua?"

Hajui, Dada. Mama anawaambia watu kanisani kwamba ulikufa kwa ubishi. Eti mdogo wako nesi alikushauri vizuri, ukapuuza. Nami kila nikija likizo nimekuwa nikikaa pale kwenye benchi, nimenyamaza, napewa sifa.

Jumamosi napanda gari kuja Mbeya. Siogopi tena; kama nimeweza kumwambia mgeni, nitamwambia na mzazi. Akasirike, anifukuze, ni haki yake. Wasichana watakaokuja kwangu nitawapima mikono na miguu, na siku moja ugonjwa ukija na sura nyingine nitajifunza hiyo pia. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Dada yangu. Hukuwa mbishi. Ulinisikiliza, na Mama atalijua hilo kwa mdomo wangu.

Mdogo wako,
Atupele