Baba, Uliyekataa Kumpisha

Mwaka umetimia, baba, tangu tuliposimamishwa kwenye korido ya hospitali na kuambiwa hukuamka.

Uliuguza watu miaka thelathini na moja. Wenzako walikuita Babu Plasta kwa kuwa mifuko yako haikukosa plasta, hata siku ya harusi ya dada yetu. Mikono yako ilikuwa mikubwa kama sepetu, lakini mtoto akidungwa sindano nawe alikuwa akiuliza, "Bado?" na wewe umeshamaliza.

Yule daktari wa upasuaji, dada mweusi, alipohamia kwenu, wenzako walimwita mfagiaji makusudi. Ulikiri kwetu kwamba mwanzoni wewe pia, mweupe kama wao, ulicheka. Kisha ukaona aibu, ukamwomba radhi, ukamwandikia mganga mkuu barua tatu kuwashtaki. Mama alikuonya, "Baba watoto, watakutenga." Ukamjibu, "Wanitenge. Chai nitakunywa naye."

Mchana ule wa mwisho wako kazini waliingia ndugu wawili. Mdogo alikuwa amechomwa kisu tumboni, damu imejaa viatuni. Daktari alipovaa glavu, kaka mtu akafoka, "Huyo mweusi asimguse ndugu yangu!" Akanyakua stendi ya dripu, akampiga nayo begani. Mfupa ulisikika ukivunjika hadi mapokezi.

Ukaingia kati. "Humpati mpaka unimalize mimi."

Alikupiga mkono, kisha taya, kisha kichwa mara mbili. Ulianguka umeng'ang'ania mkanda wake asimfikie daktari. Walinzi walipomdhibiti, ilibidi wakubandue vidole kimoja kimoja.

Daktari hakuondoka. Alisimama, bega limening'inia, akamwelekeza msaidizi wake kila mshono mpaka yule mdogo akapona. Ndipo akaja kwako, akakaa nasi siku zote nne ulizolala bila fahamu.

Mahakamani muuaji wako alisema hajutii. Mdogo wake akainuka, akapandisha shati, kovu likaonekana. "Aliyeniokoa ni yule uliyetaka kumuua," akamwambia. "Na huyu mzee umemuua kweli. Usiniite tena ndugu yako."

Watu hutuuliza kama tumesamehe. Hapana, baba. Hatukukudanganya ulipokuwa hai, hatutaanza leo.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, wajukuu wako watano, shemeji zako, na daktari, ambaye sasa mama humwita mwanangu.

Hutatoka mioyoni mwetu maadamu tunapumua.