Mlevi wa Barakoa

Nyumbani kwa Bibi, chumba cha uani
Jumamosi asubuhi

Mpendwa Mjomba,

Juzi nilipepesuka kama mlevi mbele ya watu, na nikafurahi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata Mama.

Nisamehe kwa kutanguliza habari kabla ya salamu. Ilikuwa imenikaa kooni. Shikamoo, Mjomba. Kikohozi kimepona? Baridi ya huko mlimani imepungua, au bado mnalala na soksi? Sisi tu wazima. Magoti yanamsumbua Bibi akiinuka, lakini sauti haijapungua hata chembe. Mama hajambo, kazi tu. Mimi nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na siku hizi nafagia hata pasipo na vumbi.

Unakumbuka siku yako ya kwanza kazini kituoni kwenu, huko juu mlimani kwenye hewa nyepesi, mwenzako alipokupiga video? Ulitembea umepanua miguu, ukashika ukuta. Bibi aliitazama mara moja tu, akasema umeirudia chupa uliyoiacha kwa jasho. Ukamwambia, "Mama, ni hewa tu." Akakujibu, "Hewa ya chupa gani?" Tangu hapo hapokei simu zako. Mimi nilikuamini, lakini unanijua, maneno huniishia mdomoni.

Basi, chuo cha hapa mjini kilitafuta watu wazima wenye afya, wapimwe wanavyosimama na kutembea wakivuta kwa muda mfupi hewa yenye oksijeni kidogo. Nimeshatimiza miaka kumi na minane, nikajiandikisha. Nyumbani niliaga naenda maktaba.

Mpimaji ni dada mmoja mcheshi. Alinikagua afya kwanza, akanivisha barakoa yenye bomba, kisha akakaa karibu ili anidake. Mwanzoni niliona mzaha. Punde nikasimama juu ya ubao unaopima mtikisiko, nikaambiwa nifumbe macho. Mjomba, sakafu ikawa kama godoro!

Halafu nikatembea juu ya mkeka mrefu. Nilidhani naenda sawasawa. "Bibi harusi, njia iko huku!" dada akaniita, kumbe naelekea kabatini. Tulicheka hadi barakoa ikajaa ukungu.

Aliponivua barakoa, nilipumzika kidogo na miguu ikanirudia. Akasema si wote wanaoyumba sawa, ila mwili ukikosa oksijeni ya kutosha, hata asiyejua harufu ya pombe anaweza kuyumba. Nikakuona wewe, na ule ukuta wako. Nikamwomba video aliyonipiga nikitembea mkekani. Niliomba mwenyewe, kwa sauti!

Jana nilimwonyesha Bibi. Sikusema ni nani, na barakoa imefunika uso.

"Mtoto wa watu! Kanywa nini mchana wote huu?"

"Hajanywa, Bibi. Hajawahi hata kuonja. Kapunguziwa oksijeni, kama kule kwa Mjomba."

"Nani kakwambia?"

"Namfahamu, Bibi. Naapa."

Akaitazama tena, na tena. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Kumbe mwanangu alisema kweli," akasema polepole. "Nami nikamfungia mlango."

Kisha akainama kwenye simu. "Lakini huyu binti, mbona sketi yake kama yako?"

Nikatazama chini, kama kawaida yangu. Kwa mara ya kwanza aibu yangu ilinifaa. "Sketi hizo zimejaa madukani, Bibi."

Atakupigia siku yako ya kuzaliwa. Anasema hawezi kupiga simu kuomba radhi tu, lazima pawe na sababu nyingine. Lakini nimemsikia jikoni akifanya mazoezi, akiiambia sufuria, "Nisamehe, mwanangu." Pokea upesi, asije akaghairi.

Mama anakusalimu sana. Msalimie na huyo mwenzako wa video, mwambie nimemsamehe. Mungu akujalie pumzi tele huko juu, na miguu isiyokusaliti.

Bibi atakusimulia habari za yule binti wa barakoa. Tafadhali, Mjomba, usicheke, wala usiulize sketi ilikuwa ya rangi gani. Akijua ni mimi, atasema niliigiza ili nikutetee. Hii ibaki yetu wawili.

Mpwa wako akupendaye,
Kimya