Ng'ombe Wako Niliyempaka Vanishi

Bibi, mke wangu,

Kamwene. Najua wewe na kusoma mlikuwa hamsalimiani, lakini siku hizi umeingia kitabuni, na mtu wa vitabu hawezi kushindwa na barua ya mjukuu wake. Ni mimi Gasto, mwanaume mzuri kuliko wote Nyololo. Hata Mafinga wanalijua hilo, hawasemi tu.

Habari za nyumbani kwanza. Tangu tukuzike mvua imenyesha msimu mzima na ukuta wa mbele umebaki uchi. Wale maharusi uliowachora, na lile lori la mbao lenye matairi tisa, vyote viliteremka na maji mpaka kwenye mahindi. Miaka yote mvua zikiisha ulikuwa unasema, "Ukuta umeoga, tuuvalishe," unabeba ndoo na kushuka bondeni, kwenye bustani za vinyungu, kuchimba udongo mweupe. Mwaka huu mvua zilipoisha hakuna aliyeshuka. Alibaki ng'ombe wako mmoja tu, yule wa ukuta wa jikoni, barazani, ambako mvua haifiki.

Sasa usinikate maneno, maana ndipo habari yenyewe ilipo.

Alikuja mwalimu mmoja kutoka Mbeya, anaitwa Atupele. Anatengeneza vitabu vya picha vya watoto, na hiki cha sasa ni cha wanawake wasanii wa huku kwetu. Alishampata mama anayefinyanga vyungu kule ziwani, akampata msuka vikapu, akawa anatafuta mchora kuta. Watu wakamtajia wewe. Alinifuata Mafinga karakana, nimejaa pumba za mbao mpaka kwenye nyusi, akaniuliza kama kuna picha yako yoyote iliyobaki, mchoraji wake aitazame. Nikamwambia yupo ng'ombe, njoo Jumamosi. Unaujua mdomo wangu, nikaongeza kwamba kuchanganya rangi nilikufundisha mimi. Akacheka. Nikadhani ameamini.

Ijumaa mchana nikaja nyumbani na kopo la vanishi. Nilifikiri kifundi kabisa: kabati ukilipaka vanishi linang'aa na linadumu, kwa nini ng'ombe wa Bibi asidumu? Nikampaka mara mbili, taratibu, kwa mapenzi. Aling'aa kama kitanda cha maharusi. Debora, mjukuu wako mdogo wa darasa la tatu, alikuwa amesimama nyuma yangu anakula muwa.

"Kaka, udongo unakunywa hiyo?"

Nikamwambia mambo ya mafundi hayaulizwi na watu wenye muwa mdomoni.

Jumamosi asubuhi vanishi ilikuwa imekauka, ikajivuta, ikajikunja kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na udongo wote ukaifuata. Ng'ombe alikuwa chini, vipande vipande, kuku wanamdonoa. Ukutani ilibaki kwato moja.

Bibi, nilikaa chini palepale. Ulipokufa nilijikaza, nikabeba jeneza upande wa mbele, watu wakanisifu. Kwa ile kwato moja nililia mpaka kuku wakaondoka.

Halafu akili yangu, ile iliyoikimbia shule kidato cha pili, ikaniambia: mchore mwingine, nani atajua? Nikakoroga majivu na udongo uliobaki kwenye ndoo yako, nikatafuna ncha ya kijiti iwe brashi, kama ulivyokuwa unatafuna, nikachora. Nilichora kwa bidii sana. Mwalimu Atupele alipofika alisimama mbele ya ukuta kama mtu aliyeonyeshwa maiti asiyemfahamu. Debora ndiye aliyesema.

"Bibi hakuchora fisi."

"Huyo ni ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe wa wapi?"

"Wa Usangu. Ametembea sana."

"Na huo mguu wa tano?"

"Ni mkia, umevimba."

Mwalimu hakucheka. Alinifungulia karatasi zake nione kitabu kitakavyokuwa. Nikamwona yule mama wa vyungu, magoti yamezama kwenye tope, chungu kimemzidi ukubwa, ukimtazama unatamani na wewe ukae kwenye tope. Nikamwona msuka vikapu, kila unyasi na rangi yake. Halafu ukurasa mtupu, juu yake jina lako, Paskalina, limeandikwa kwa penseli. Akaniuliza taratibu, "Gasto, huyu nimchukue? Ndiye wa Bibi?"

Ningesema ndiye, yangeisha. Lakini nikaona watoto wa Iringa na Mbeya nzima wanafungua kitabu, wanaona fisi wangu, wanasema huyu bibi hakujua kuchora. Na hilo, Bibi, si mara yangu ya kwanza kulisababisha. Unakumbuka nilipokuja na rafiki zangu wa karakana, wakaukuta ukuta, wakauliza nani kachora, nami nikajibu, "Watoto tu hao, wanacheza." Wewe ulikuwa mlangoni na kata yako ya pombe ya ulanzi. Ulisema tu, "Karibuni wageni. Mtoto mwenyewe ndiye mimi." Wakacheka, na wewe ukacheka. Sikukuomba radhi siku ile. Wala kesho yake. Nilikuwa nasubiri nije na zawadi, halafu...

Basi. Nikamwambia mwalimu yote, vanishi na kuku na fisi. Hilo la ukuta na rafiki zangu pia nikalisema, sijui kwa nini, halikuulizwa. Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Alipotulia akasema, "Picha imekwenda, lakini wewe ulikuwa unamwona akifanya kazi. Hebu niambie."

Mimi niliyekuwa najisifu kwamba kazi za wanawake sizitazami, nilizungumza mpaka chai ikapoa. Kwamba weupe unachujwa kwa kanga kuukuu. Kwamba weusi ni masizi ya chungu cha maharage, si cha ugali. Kwamba unaanza na jicho, kwa sababu ng'ombe asiye na macho haoni pa kuweka miguu. Debora akawa ananisahihisha kila sentensi ya pili. Mwishowe akachoka na mimi, akachukua ndoo, akashuka bondeni, nasi tukamfuata kama ndama. Aliporudi akambandua fisi wangu kwa gunzi bila kuniomba ruhusa, akachora ng'ombe. Bibi, ni yule yule. Kichwa kimegeuka nyuma kumtafuta ndama. Kumbe mlikuwa mnafundishana mimi nikiwa nalala kiti kirefu.

Kitabu kimetoka, kimeletwa shuleni kwa Debora. Umependeza. Umewekewa meno yote, hata yale mawili uliyoyaacha hospitali. Kata ya ulanzi wameigeuza kikombe cha chai, nami nikanyamaza, mwenyekiti wa kamati ya shule ni mlokole. Picha za ukuta wako zimemfuata Debora, na imeandikwa hivyo: zimetokana na mkono wa mjukuu wake, kama alivyofundishwa naye.

Ila kuna jambo mwalimu alinificha. Katikati ya kitabu yupo kijana mrembo wa sura, kopo la vanishi mkononi, mdomo wazi, na kuku wanakula ng'ombe. Hawakunitaja jina. Hakukuwa na haja, nyusi zina pumba za mbao. Jumatatu nimepita Mafinga sokoni, mtoto nisiyemjua akaniambia, "Shikamoo Vanishi." Mwalimu anasema kitabu kinasomwa mpaka Mbalizi. Rafiki zangu wa karakana wameubandika ukurasa huo mlangoni. Mwalimu amesema nikitaka wataniondoa watakapokichapa tena.

Nimemwambia waache. Hiyo ndiyo radhi yangu, mke wangu, nimeichelewesha na imekuja na kuku. Nakuahidi mvua zijazo zikiisha nitabeba ndoo nyuma ya Debora, kubeba tu, brashi sishiki. Pumzika huko, na waliotangulia uwachoree, wasikae kwenye kuta tupu.

Ijumaa nilialikwa darasani kwa Debora niwasomee. Kwenye ukurasa wangu walicheka mpaka mwalimu wao akagonga meza. Nikawasubiri wamalize. Halafu nikafunua ukurasa unaofuata, na pale upo wewe, umeinama, mkono mzima mweupe kwa udongo. Walinyamaza, Bibi. Wote.

Mumeo,
Gasto