Meno Matatu Zaidi

Jumanne, Njombe

Kumbe kilichoisha si cheni peke yake. Leo nilikwenda Makambako kununua cheni mpya ya pikipiki. Mzee Salumu wa duka la vipuri akainama, akaitazama sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, akatikisa kichwa.

"Sista, meno yamechongoka. Ukifunga cheni mpya hapa italika upesi. Badilisha vyote."

Akaniwekea sproketi mbili mezani. Moja ilikuwa na meno matatu zaidi. Niliyahesabu mara mbili.

"Unapita wapi sana?"

"Milimani, baba. Napeleka chanjo vijijini. Wiki iliyopita nilisukuma pikipiki mpaka juu, nikakuta kina mama wameshaondoka na watoto wao."

"Basi chukua hii kubwa. Kwenye lami mwendo utapungua, lakini mlima utapanda."

Meno matatu tu? Sikuamini, na bado nina wasiwasi na safari ndefu. Lakini niliichukua.

Jioni, fundi alipomaliza kuifunga, niliijaribu pikipiki kwenye mlima wa hapa mtaani Ramadhani, nimejaza mawe kwenye kasha la chanjo. Ilipanda bila kukohoa. Nikageuza, nikashuka, nikapanda tena bila sababu yoyote.