Picha ya Udongo wa Nyuma ya Jiko la Mama

Manizales, Kolombia
19 Novemba

Mpendwa kaka Eliécer,

Hujambo huko Chile? Wifi Damaris mgongo umepoa? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia tangu mvua zianze. Mama yu hai, yuko hapa kwangu. Nalitanguliza hilo usije ukashtuka.

Kazi yangu ya chuoni unaijua: tunaupiga udongo eksirei. Tunautoa ardhini ndani ya bomba la plastiki bila kuuvuruga, tunauzungusha mbele ya mashine, na kompyuta inatuonyesha ndani yake. Udongo ni kijivu, matundu ni meusi. Humo ndimo maji hupita na mizizi hupata hewa.

Juzijuzi nilichukua bomba moja kwenye mteremko wa nyuma ya jiko la Mama, maana migomba ilikuwa imeanza kuinama. Nilitarajia vitundu vidogo kama vya mkate. Kaka, niliona mifereji mipana kama kidole, imeungana, inaelekea bondeni. Maji yalikuwa yanaula mlima kwa ndani.

Profesa wangu alisema picha moja haitoshi kuhamisha watu. Mimi ilinitosha.

Nilipanda huko mvua ikinyesha. Mama alinicheka.

“Siku hizi udongo nao unakohoa mpaka upigwe eksirei? Mlima huu nimeulima kabla sijakuzaa, Idalba. Nenda zako!”

Nilimbembeleza, nikalia, akakataa katakata. Basi nikavua viatu nikajilaza kitandani kwake.

“Na mimi silali kwingine.”

“Toka hapo, mtoto we! Si umesema mlima unaanguka?”

“Tutoke wote.”

Alisikiliza mvua juu ya mabati. Kisha akachukua kikapu akaanza kukamata kuku, huku ananitukana kila anapomshika mmoja. Majirani walipomwona wakasema, “Arnobia hahami bure,” nao wakafunga virago.

Kesho yake mchana mlima ulishuka. Jiko halipo. Chumba chake hakipo. Kitanda nilichojilazia hatujakiona mpaka leo.

Kile kiwanja chako cha pale juu, kaka, usikijenge. Nakusihi.

Mama hatanii tena. Mvua ikianza huweka kiganja sakafuni, akatulia, kama anayempima mtoto homa. Jana aliniuliza, “Na hapa chini pakoje?” Nikamjibu pako salama.

Sijui kama pako salama. Udongo wa hapa nimeshauchukua. Bomba liko mezani kazini, na kila siku nalipita nikijifanya silioni, kwa kuwa tukitoka hapa hatuna pengine. Kesho nitaliweka kwenye mashine. Niombee.

Msalimie wifi, uwabusu Yeison na mdogo wake. Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Mungu awawekee ardhi ngumu chini ya miguu yenu.

Dada yako akupendaye,
Idalba