Samli Kwenye Pipa la Povu

Jumatatu, 4 Juni
Uji, vidonge, kikohozi. Mashine ya kusukuma hewa, tuliyoazimwa na shamba la ngano, imeunguruma kisimani tangu asubuhi, siwezi hata kusoma. Kisima chetu kirefu hapa Masakta kimejaa mchanga. Fundi Hamisi alijifunza kazi hii kwenye visima vya mafuta. Anasema maji matupu hayawezi kuutoa mchanga: ni mazito, hupotelea kwenye nyufa za mwamba. Povu la sabuni na hewa ni jepesi, hupanda na mchanga wake. Ana mpaka Alhamisi tu. Kisha mashine inarudi kwenye mavuno. Paskalina, mkwe wangu, ana mimba kubwa na bado anashuka korongoni na ndoo.

Jumanne, 5 Juni
Povu limetoka kwa wingi, na mchanga tele. Jioni wazee wakaleta kibuyu cha samli. Kisima lazima kipakwe ili kibarikiwe, na mpakaji ni mkubwa wa wazee, yaani mimi. Nikawaeleza kwamba mafuta huua povu. Hawasikii. Nikapaka mdomo wa bomba kidogo. Wakasema nina choyo. Nikapandwa na hasira, nikamimina kibuyu kizima ndani ya pipa la sabuni. Mimi, niliyefundisha sayansi.

Jumatano, 6 Juni
Povu limekufa. Mchanga umeshuka na kubana bomba. Hamisi kutwa anamlaani aliyemuuzia sabuni mjini Katesh. Sijamwambia kuhusu samli. Nakaribia kufa na bado naogopa kuchekwa. Upuuzi.

Alhamisi, 7 Juni
Paskalina amenishika mkono mpaka kisimani. Hamisi alikuwa anafungasha. Aliponiamkia sikuitikia, nikamwambia yote kwanza.
“Lakini mzee, wewe ulikuwa mwalimu.”
“Ndiyo maana sikusema.”
Akamwaga pipa, akalisugua kwa magadi na maji ya moto, akachanganya sabuni upya. Dereva wa shamba la ngano akapiga honi, anataka mashine yake. Hamisi akamwambia akale kwanza. Alasiri bomba likaachia. Mchanga ukapanda.

Ijumaa, 8 Juni
Mashine imeondoka. Kimya. Pampu ya mkono imerudishwa. Wazee wamekuja kunishukuru kwa samli. Nimewaeleza ilivyokuwa. Wakasikiliza kwa adabu, kisha wakauliza kama na pampu ipakwe. Sikubishana.
Paskalina amechota hapa hapa, akarudi kabla chai haijachemka. Maji bado yana ladha ya sabuni. Nimekunywa kikombe kizima.